Nilizima Simu Asubuhi, Nikaziba Mdomo wa Kijiji Kizima

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nimelizunguka muda mrefu, na kila nilipotaka kulisema nilianza na maelezo. Leo maelezo yatakaa nyuma. Nimekosa!

Rafiki yangu wa utotoni hawezi tena kufunga kifungo cha shati lake. Mke wake ameitwa mshirika wa wezi mbele ya ukoo wa mumewe. Na mimi niliyesababisha yote mawili nina cheti ukutani, chini ya kioo, na watu wananiita mtaalamu.

Jina langu sitalitaja. Kijiji nacho nakiacha. Walio huku Tarime upande wa machimbo watanijua wakifika katikati ya habari hii, na wajue tu. Ninyi wengine chukueni kosa lenyewe, litawafaa.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Niliishia darasa la saba lakini sikuacha kusoma. Umeme wa sola nilijifunza mwenyewe. Pampu za kutoa maji kwenye mashimo nilizifungua na kuzifunga mpaka zikanielewa nami nikazielewa. Wenzangu wa umri wangu wananunua viatu vya wajukuu. Mimi bado nanunua madaftari. Sijisifu. Ninawaambia kwa sababu kosa langu halikutoka kwenye ulevi wala tamaa ya wanawake. Lilitoka kwenye utaratibu.

Kwetu kulikuwa na yowe. Asiyetoka huku aelewe vizuri: yowe si kelele za mtu mwenye hofu. Ni sheria. Ukiibiwa ng'ombe unapiga yowe, jirani analipokea, wa mbele yake analipokea, na kila mwanaume mwenye nguvu anatoka na silaha yake. Atakayesikia akabaki nyumbani ataulizwa na ritongo, yaani baraza la kijiji, na asipokuwa na jibu anahesabiwa kuwa mmoja wa wezi. Hana salamu tena. Hana mtu wa kumchimbia kaburi.

Halafu dhahabu ikaonekana upande wetu. Watu walimiminika kutoka kila mkoa. Yakaja makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yakafungwa kila penye maji kidogo. Yanasaga mchana, yanasaga usiku. Ukimwita mtoto wako uani lazima umfuate alipo. Yowe likawa linafia kwenye kelele, na wageni wa mashimoni wakilisikia wanasema, "Walevi hao, lala."

Nikaona tatizo. Nikaona na dawa yake. Masikini mimi!

Nilisimama kwenye ritongo nikapendekeza tuanzishe kundi la kijiji kwenye simu. Aliyepatwa na jambo atume ujumbe wa sauti, watu wote waupate kwa pamoja, wa mbali na wa karibu.

Mzee Nyamhanga, anayeongoza ritongo, alinigeukia.

"Mura," akasema, ndivyo wazee wetu wanavyomwita mwanaume mdogo kwao, "simu inataka chaji. Koo linachajiwa wapi?"

Watu wakacheka.

"Shikamoo mzee," nikamjibu, "lakini juzi koo lilipiga yowe na ng'ombe wakaenda. Nani alisikia?"

Hapo hakuna aliyecheka. Nikashinda. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeoa upya.

Msimamizi wa kundi nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Salumu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Salumu ni mtu wa pwani. Alianzia biashara Kewanja, kijiji kingine cha machimbo, kabla hajahamia kwetu, Mwislamu safi, mcheshi, anaamka kuswali wakati sisi wengine bado tunageuza ubavu. Kumbukeni hilo la kuamka.

Kundi halikumaliza mwezi likawa soko. Huyu anatuma sala, yule video ya mbuzi anayecheza, Salumu anatuma saruji. Nikakasirika. Nikabadilisha mpangilio: wasimamizi peke yao ndio waweze kutuma, wengine wasome tu. Mwenye shida atume kwangu, nihakikishe, kisha niirushe kwa wote. Salumu alipotuma saruji tena, nikamwondoa usimamizi.

"Ndugu yangu, tangazo moja tu!" akalalamika dukani kwake.

"Kanuni ni kanuni," nikamwambia.

"Haya bwana. Na siku ukiumwa tumbo, kijiji kizima kiumwe?"

Nilidhani anatania. Nilicheka hata.

Na mambo yalikwenda! Mtoto aliyepotea alipatikana kwa kundi lile. Pampu iliyoibwa ilikamatwa njiani kwa kundi lile. Watu wakaacha kupiga yowe kwa mdomo. Likaanza kuonekana jambo la ushamba.

Siku moja Bhoke alilipiga. Bhoke ni mke wa Marwa, na Marwa ni rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukasimama kwenye baridi ile bega kwa bega, na huku kwetu mtu wa namna hiyo unamwita ndugu bila kuuliza mama yake ni nani. Bhoke aliona fisi karibu na zizi la ndama, akapiga yowe kwa sauti yake yote. Waliosikia wakaacha kazi, wakakimbia na mikuki. Fisi alishaondoka zamani.

Mimi ndiye niliyesimama kwenye ritongo. Mimi! Nikasema tukiruhusu kila mtu apige kelele kwa fisi, utaratibu utakufa. Nikaomba atozwe faini ya mbuzi, iwe mfano. Wakakubali.

Jioni Marwa akaja kwangu, amejaa kicheko.

"Rika langu, umemtoza mke wangu mbuzi kwa sababu ya fisi! Fisi mwenyewe angechukua huyo huyo mmoja. Sasa tofauti yenu ni ipi?"

Tulicheka mpaka mke wangu Robi akatoka jikoni kutuangalia. Marwa alikuwa hivyo. Wenzake wote walishuka mashimoni, yeye akabaki na ng'ombe wake. "Chimbeni nyie," alikuwa akisema. "Dhahabu yangu inakula majani, na nikiiita inageuka."

Sasa nifike kwenye asubuhi zangu.

Nilikuwa najiandaa na mtihani wa cheti cha kulipua baruti. Huku kwetu mwenye cheti hicho si mtu wa kubeba viroba. Ni mtu wa kusubiriwa. Nilijipangia kusoma kila asubuhi kabla ya kazi, kwenye kichumba changu cha stoo, na vitabu vyangu vilikuwa kwenye simu. Naifungua nisome jinsi ya kupanga matundu ya baruti kwenye mwamba, hapo hapo linaingia jambo la kijiji. Huyu kapoteza kuku, nihakikishe. Yule anataka atangaziwe msiba wa shangazi yake. Nikimaliza nao najikuta natazama watu nisiowajua wakigombana kwenye nchi nisiyoijua. Chai imepoa, jua limepanda, sijasoma hata mstari.

Nikasoma mahali kwamba wapo watu wanaojitenga na mtandao kila asubuhi, akili itulie. Nikajaribu. Nikanakili masomo yangu kwenye daftari jioni, na asubuhi nikazima mtandao.

Sitadanganya katika hili, kwa kuwa nimeshadanganya ya kutosha: ilikuwa tamu! Asubuhi ilirudi kuwa yangu. Nilikuwa naanza ukurasa na kuumaliza, nikiwa mimi yule yule tangu juu mpaka chini. Mambo niliyoshindana nayo mwezi mzima yalifunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Kujitenga kule hakukuwa kosa. Hata leo nasema hakukuwa kosa.

Kosa ni kwamba sikumwambia mtu.

Ningewezaje? Ningesema ninajifungia asubuhi, wangesema basi weka msimamizi mwingine. Mwingine nani? Salumu, niliyemwondoa kwa mbwembwe? Nikameza. Watu wakaanza kunipigia simu ya kawaida: "Mbona hupo hewani?" Basi nikawa naizima simu yenyewe, naitumbukiza kwenye kiroba cha mahindi. Robi nikamwambia asiruhusu mtu aniite mpaka nitoke mwenyewe.

"Na kundi?" akaniuliza.

"Wezi ni watu wa usiku," nikamjibu. "Asubuhi hakuna neno."

Jamani! Ng'ombe huibwa usiku, lakini hugunduliwa asubuhi. Mtoto wa Kikurya anayechunga ndama analijua hilo. Mimi msomi wa kijiji sikuliona, kwa sababu sikutaka kuliona.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na umande mwingi. Marwa alitoka akakuta zizi liko wazi, halina hata ndama. Nyayo zilionekana vizuri kwenye umande, zimeelekea upande wa mpakani. Mfuata nyayo ana muda mfupi sana: mifugo ya kijiji ikishatolewa kwenda malishoni inazikanyaga zote, na hapo umebaki na matope tu. Marwa akachukua panga, akamwambia mkewe, "Mtumie rika langu atoe yowe. Mimi natangulia nizishike nyayo, waje nyuma yangu." Akaondoka.

Bhoke alinitumia ujumbe wa sauti. Ninao mpaka leo. "Shemeji, zizi liko wazi. Marwa ameshatangulia na nyayo kuelekea mpakani. Toa yowe, shemeji, watu wamfuate. Nakusubiri."

Nakusubiri! Alisubiri kweli. Aliiangalia ile tiki moja isiyotaka kuwa mbili. Alipiga, simu imezimwa. Wengi wataniuliza, na ukoo wa Marwa uliuliza, kwa nini hakupiga yowe kwa mdomo? Kwa sababu nilimtoza mbuzi. Alishaambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba mdomo wake unaharibu utaratibu.

Akaniona sifunguki, akamfunga mtoto mgongoni, akaja kwangu kwa miguu. Nyumba zetu haziko karibu; katikati kuna mto mdogo na makarasha.

Robi alikuwa ameenda kuchota maji. Mimi nilikuwa stoo.

Nilisikia hodi.

Hili ndilo nililokuwa nalizunguka. Nilisikia! Maneno sikuyasikia, karasha lilikuwa linasaga. Ila mlango wa bati uligongwa, ukagongwa tena, na mimi niliinua kichwa nikautazama. Nikajiambia ni mtu anataka kuchajiwa simu kwenye sola yangu. Nilikuwa kwenye ukurasa wa kupanga matundu, nimeukaribia mwisho. Nikarudisha macho kwenye daftari. Nikamalizia ukurasa.

Kugonga kukanyamaza. Nikafurahi kwamba kumenyamaza.

Bhoke akakimbilia kwa Salumu. Na Salumu, mtu wa pwani asiyejua hata yowe linaanzaje, akatoka nje ya duka, akabingirisha pipa tupu mpaka katikati ya njia, akaanza kulipiga kwa nondo. "Wezi! Ng'ombe wa Marwa, jamani! Wezi!" Waliokuwa karibu walidhani anatangaza bidhaa. Mmoja akamuuliza bei. Salumu akamtukana tusi ambalo hatukujua kama analo, na hapo ndipo watu wakaelewa.

Mlio wa pipa uliyapita makarasha. Nikautambua kuwa ni wa hatari, nikatoka, nikavaa ndala zangu mlangoni, nikachukua rungu nikakimbia na wenzangu. Ndiyo, nilikimbia nao. Mtu angeniona angesema, tazama mwanaume huyo.

Mifugo ilikuwa imeshatoka. Nyayo zikatupotea mara kwa mara, tukawa tunarudi nyuma na kuanza upya. Tulipompata Marwa alikuwa amekaa chini ya kichaka, ameubana mkono wa kulia kwa shati lake, na shati lilikuwa jekundu lote. Ng'ombe walishavuka.

Alitutazama mmoja mmoja. Akanifikia mimi.

"Mlikwama wapi?" akauliza.

Tulimbeba.

Mkono ulibaki, lakini ni wa kuning'inia tu. Vidole havikunji.

Ritongo likakaa. Mzee Nyamhanga hakupandisha sauti. Aliniuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Ujumbe wa Bhoke uliupata saa ngapi, mura?"

Ningesema nilizima simu, ningeulizwa kwa nini. Ningesema kwa ajili ya mtihani, ningeulizwa nilikuwa wapi. Ningesema nyumbani, habari ingeishia hapo: mtu aliyekuwa nyumbani yowe likabisha mlangoni kwake, na hakutoka. Nimeshawaambia mtu huyo anaitwaje huku kwetu.

"Mtandao ulikata, mzee," nikasema.

"Kwangu ulikuwepo," Salumu akasema taratibu. "Nilipokea habari za mzigo asubuhi ile ile."

"Wewe laini yako ni nyingine," mtu mmoja akamjibu kutoka nyuma.

Nikaidaka kamba ile. "Ndiyo, laini ni tofauti."

"Na hodi?" akauliza Mzee Nyamhanga. "Bhoke anasema alibisha kwako."

"Nilikuwa nimeenda shambani."

Bhoke alinitazama. Nilidhani atasema neno. Hakusema. Nilishusha pumzi, nikadhani Mungu ameniokoa.

Kwa kuwa mimi sikuwa na kosa, kosa likatafuta mtu mwingine. Kaka mkubwa wa Marwa akasimama.

"Mwanamke gani huyu anaibiwa ng'ombe, halafu anakaa na simu mkononi kama anasubiri mahari? Koo lake limekufa? Aliwapa wezi nafasi wavuke, ni mshirika wao!"

"Mlinitoza mbuzi!" Bhoke akalia. "Mlinitoza mbuzi kwa kupiga yowe!"

Watu walinitazama kidogo, kisha wakatazama pembeni. Mimi nilitazama ndala zangu. Ilitosha niinue mkono mmoja tu. Ilitosha niseme, mwacheni, ni mimi. Mkono haukuinuka, na haukuwa umekatwa na mtu!

Ukoo haukumfukuza kwa maneno. Ulimfukuza kwa kumnyamazia. Akipita kisimani, ndoo zinaondolewa. Shemeji zake wakaacha kula chakula chake. Marwa akachoka kuona mkewe analia. Wakafunga virago wakaenda Morotonga, Wilaya ya Serengeti, kwa ndugu wa Bhoke. Kiwanja chao kikachukuliwa na mwenye karasha. Leo mashine inasaga pale pale ng'ombe walipokuwa wakilala.

Mimi mtihani nilifaulu.

Najua mnasubiri niseme nilifeli, ili dunia ionekane ina haki. Nilifaulu vizuri. Swali moja lilihusu kupanga matundu ya baruti, na nililijibu bila kusita, kwa sababu ukurasa ule niliumaliza. Mjue hivyo. Kila nikilipua mwamba, kabla ya moto kuna mtu anazunguka kuonya watu kwa sauti, na sikubali kuwasha mpaka nimeisikia sauti hiyo kwa masikio yangu. Wananisifu kwa uangalifu. Wananisifu!

Robi aliniuliza mara moja tu, akiwa anapepeta mahindi, hajaniangalia.

"Asubuhi ile ulikuwa shamba gani?"

Akaendelea kupepeta. Tangu siku hiyo chakula ananipa, salamu ananipa, lakini ile sauti yake ya kuniita kutoka uani, ya kunicheka, sijaisikia tena.

Wiki iliyopita nilishindwa kuendelea. Nilikwenda Morotonga. Nilifika mapema kwa sababu jambo zito kwetu hupelekwa asubuhi, kabla mwenye nyumba hajatoka. Marwa alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anajaribu kufunga shati kwa mkono wa kushoto. Bhoke akatoka, akapiga goti, akamfungia. Kisha akaniona.

"Karibu, shemeji," akasema. Karibu!

Marwa hakuinuka. "Umekuja asubuhi," akasema. "Simu umeizima?"

Nikajua anajua. Nilikaa chini kwenye vumbi nikasema yote, kiroba cha mahindi, daftari, mpaka hodi. Nilipofika kwenye hodi nililia. Mtu mzima kama mimi.

Bhoke akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ndala zako zilikuwa mlangoni, shemeji," akasema. "Niliziona siku ile ile."

"Uliziona? Na kwenye ritongo hukusema?"

"Ningesema ungeitwa mwizi. Wewe ni rika la mume wangu. Nikajiambia, atasema mwenyewe. Nikakusubiri."

Mara ya pili, jamani. Mwanamke huyu alinisubiri mara ya pili, na mara ya pili sikufunguka!

Marwa akawa anautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Unajua, rika langu, niliwaona wale watu kabla hawajaniona," akasema. "Ningeweza kulala kwenye majani wakapita. Nilisimama. Nilisimama kwa sababu nilijua mko nyuma yangu."

Nikaanza kusema nisamehe. Akaukunjua mkono wa kushoto, ule mzima, akanizuia.

"Hapana, mura. Uongo hukuusemea hapa. Rudi pale ulipousemea. Ukimaliza, uje, tutakunywa uji."

Ritongo linakaa Jumamosi hii. Nitasimama. Habari hii nimeituma mapema makusudi, ili nikitaka kurudi nyuma nikute njia imeshafungwa. Nimewarudishia watu wote kundi, kila mtu anaweza kutuma, saruji na mbuzi wanaocheza vimerudi. Salumu ni msimamizi. Nilipokwenda kumwambia hakucheka wala kunisuta, aliuliza tu, "Na Bhoke utamrudishia nini?" Nitaomba faini ya mbuzi ile irudi kwake mbele ya watu, na neno "mshirika" liondoke kwake lije kwangu. Baada ya hapo wanifanye wanavyofanya. Jana usiku nilimwambia Robi. Akasema, "Nitakaa mbele, unione." Ni sentensi ndefu kuliko zote alizonipa tangu aliponiuliza lile swali la shamba.

Ninyi mnaosoma, sisemi msizime. Zimeni. Asubuhi isiyo na kelele ni kitu chema, na akili iliyotulia ni mali. Lakini kabla hujazima, jiulize ni nani anakutegemea saa hiyo, na umwambie kwa mdomo wako, umpe na mtu wa kumwendea. Mlango wako ni wako, ufunge upendavyo. Ukishakubali kuwa mlango wa wengine huna tena ruhusa ya kujifungia kimya kimya. Na usimtoze mtu faini kwa kupiga kelele ambayo siku moja utaitamani!

Zaidi ya yote, ukisikia hodi, ndugu yangu, inuka. Uache ukurasa katikati. Ukurasa utakungoja.